Hina Hadi Kifundoni

Jumamosi, 6 Agosti 1955
Sote wazima. Baba Saleha mzima, ila kikohozi chake cha asubuhi. Mama mkwe mzima, anakula. Mapacha wazima, wanapigana. Kuku wazima. Mie sina la kusema kwa furaha — Ijumaa namwoza Saleha wangu! Asiye mzima ni kidole gumba chake cha mguu wa kulia. Ukucha umejikunja, umeingia nyamani. Juzi niliuchimba pembeni kwa wembe, nikidhani namsaidia. Umezidi! Leo kimevimba kama zambarau.

Jumatatu, 8 Agosti
Somo wake anayemfunda, Bi Sabiha, kaja na hina. Nikamwonyesha kidole. Kasema hina hukausha, tubandike nene. Tumebandika mara tatu! Miguu imeiva hadi kifundoni. Mizuri! Saleha kalia, nikadhani haya za mwali. Kumbe kidole.

Jumanne, 9 Agosti
Chumba kinanukia asmini na udi, lakini nilipoinamia mguu — mh! Harufu nyingine. Nikabonyeza. Usaha! Na wekundu umefika wapi? Sijui! Mguu mzima mwekundu, nimeupaka mwenyewe! Nikacheka kama mwehu, halafu nikaogopa kweli.

Baba Saleha hataki kusikia hospitali. Mwali yuko ndani, atatokaje? Wakwe zake wa Mabawa watasema tumewapa mgonjwa. Nikamwambia, "Afadhali mgonjwa kuliko maiti, Baba Saleha." Kakohoa wee. Kisha, "Nendeni na mabuibui. Mie sijawaona."

Jumatano, 10 Agosti
Leo kioja! Saleha kavaa buibui la bibi yake, kainama, anachechemea — hilo halikumshinda, maskini. Bi Sabiha kabaki chumbani kutwanga singo ya kumsugulia mwali na kuligombeza godoro, kama mwali yumo: "Tulia mwali, nikusugue!" Jirani anasikia, hana habari.

Njiani, mtaa wa Chumbageni, vijana wakamwamkia, "Shikamoo bibi!" Saleha kaitika, "Marahaba, wajukuu." Nusura nijikojolee!

Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, ni Zebedayo, Mbondei, mpole. "Bibi, lete mguu." Saleha kanyoosha. Hina mpya, imekolea! Zebedayo kamtazama bibi, kautazama mguu. Benchi zima la wanawake likapiga vigelegele! Buibui tulikumbuka, mguu tukasahau!

Zebedayo kacheka naye, kisha uso ukabadilika. Hina imemficha wekundu, haoni ulipoishia. Akapapasa kwa mgongo wa mkono, akifuata joto. Limefika katikati ya kidole na kifundo. Kampiga ganzi, kakata kipande cha ukucha kilichochoma nyama, katoa usaha, kampiga penisilini. Saleha kaniuma bega!

Kaniambia kucha hukatwa sawa kwa mbele, pembe ziachwe. Mwanzo mwanzo maji ya uvuguvugu na chumvi yangetosha, lakini ukishaona usaha usingoje. Viatu vya kubana, asiviguse. Na joto likivuka kifundo, au akitetemeka kwa homa, arudi saa hiyo hiyo. Harusi isiwe sababu.

Alhamisi, 11 Agosti
Joto liko pale pale. Nimepapasa mara ishirini. Saleha kasema, "Mama, utanimaliza ngozi." Viatu alivyoletewa na bwana harusi ni vyeupe, ncha kama sindano. Havai! Atavaa makubadhi ya babake.

Ijumaa, 12 Agosti
Kaolewa! Kaolewa mwanangu! Kapita mbele ya wakwe na makubadhi yale makubwa chini ya gauni, anatembea kama bata. Hakuna aliyeona. Mmoja kasifu, "Mwali ana mwendo wa maringo." Baba Saleha kageukia ukutani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko!

Wamempeleka Mabawa, Bi Sabiha yu naye. Mama mzazi hafuati, ndiyo desturi. Nimebaki na masufuria. Lakini akiinuka niliugusa mguu, kama namweka sawa kiatu. Pale juu, karibu na kifundo, moto. Au ni mkono wangu, nimetoka jikoni? Nikamnong'oneza Bi Sabiha: kesho ukileta habari, anza na kidole.

Jumamosi, 13 Agosti
Saa mbili, Bi Sabiha hajaja. Nimemtuma shemeji Sadalla kwa baiskeli.

Karudi mbio, meno nje. Bi Sabiha kasema hongera, mambo mazuri, mwali katupa heshima! Mama mkwe kapiga kigelegele, mapacha wanarukaruka.

Na kidole?

"Kidole gani, shemeji?"

Hajashuka hata baiskeli, nimemgeuza. Rudi, Sadalla! Muulize joto limevuka kifundo au halijavuka. Usikae, usinywe chai, niletee jibu upesi! Desturi nitaiomba radhi baadaye. Buibui nimeshavaa.