Maji Uliyoyachemsha

Kwako Dada yangu,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu shemeji, halafu mpwa wangu mkubwa, ambaye nasikia siku hizi hataki kulala peke yake. Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye hajambo, ila goti lake limeanza tena ukaidi, na daktari akimwambia apunguze kupanda ngazi yeye humuuliza kama atamjengea nyumba isiyo na ngazi. Kila wiki namuuliza habari zako, naye hunijibu kwa neno moja tu, kwamba unakula. Kwa hiyo leo nakuuliza mwenyewe. Unalala, Dada?

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara nne, na mara zote ulipopokea nikaishia kukuuliza kama kwenu mvua imepungua. Ninayotaka kukueleza sitayamaliza nikisikia sauti yako. Tafadhali soma ukiwa umekaa, na usome mpaka mwisho hata ukitamani kuichana.

Ofisi yetu ya maafa bado iko palepale, chumba kimoja juu ya stoo ya magodoro ya msaada, meza tatu na vizibao vya rangi ya machungwa vimening'inia kwenye misumari. Mafuriko yalipoingia mjini Jumapili ile, Mkuu wetu alinipa saa moja niandike tangazo. Kilichomtia hofu ni kipindupindu. Kilipokuja miaka miwili iliyopita ofisi ilichelewa kusema, watu wakafa wakisubiri kuambiwa, na safari hii aliapa hatachelewa. Nikaandika maneno manne: chemsha, poza, funika, kunywa. Mchoraji akachora sufuria ikatoka kama kofia ya polisi, na yule mama wa mashine ya kuchapa, tunayemwita Mama Chapa, akasema watu watadhani tunawaambia wachemshe askari. Tulicheka, Dada. Siku hiyo ilikuwa bado inawezekana kucheka. Sauti niliirekodi mwenyewe, nimejifunika koti kichwani ili isipige mwangwi, na jioni gari la matangazo likaanza kuzunguka nayo.

Kufika Jumatano watoto walikuwa wanaiimba kwenye foleni za maji. Mkuu alinipa mkono mbele ya watu wote, akasema tangu aanze kazi hajaona tangazo lililotiiwa vile. Na kweli, wagonjwa wa kuhara walikuwa wachache kuliko tulivyoogopa. Kichwa kilinivimba. Nilikuwa nikipita mtaani nasikia maneno yangu midomoni mwa watu nisiowajua, natembea kama mtu aliyepewa mji.

Wiki hiyohiyo nyumba yenu ilijaa maji mpaka madirishani, mkahamia kwa mama mkwe wako, upande wa pili wa mji, karibu na shule. Ukashikwa na homa, maziwa yakakauka, Babu akaanza chupa. Habari za homa na chupa nilizijua msibani. Nisamehe ninavyoendelea kumwita Babu. Mimi ndiye niliyempa jina hilo siku aliyozaliwa, kwa ile mikunjo ya paji la uso iliyomfanya aonekane kama mstaafu anayedai pensheni, na sina jina jingine la kumwita.

Nakumbuka ulivyokaa mkekani siku ya maziko. Mama mkwe wako alisema, tena si kwa kunong'ona, kwamba wasichana wa siku hizi huzima jiko kabla maji hayajachemka kwa sababu ya haraka zao. Wanawake wakainama. Baadaye ukanifuata nyuma ya nyumba, kwenye sakafu ya kufulia, ukanishika mkono wa shati.

"Wewe ndiye unayeyajua mambo haya," ukaniambia. "Niambie ukweli. Niliyatoa motoni mapema?"

Ukanieleza kwamba Ijumaa, ulipoona midomo yake imeanza kuingia rangi ya bluu, ulizidisha muda wa kuchemsha. Jumamosi, kucha nazo zilipobadilika, uliyachemsha mara mbili, ukayasimamia mpaka sufuria iliyojaa ikabaki nusu. Muuguzi wa zahanati alikuambia ni nimonia, akakupa dawa ya nimonia. Alfajiri ya Jumapili Babu hakuamka.

Nilikuambia, "Pole, Dada. Tutaongea." Nikaenda kukaa na wanaume.

Leo ndiyo tunaongea. Hukuyatoa mapema. Hukukosea hata dakika moja.

Kule bondeni kuna ghala la mbolea ya chumvichumvi. Mafuriko yaliingia humo, magunia yakalowa, mbolea ikayeyuka, na maji yake yakazama ardhini mpaka kwenye visima vitano. Moto unaua vidudu vya kipindupindu, lakini mbolea hiyo hauifanyi kitu. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, na maji yanakuwa makali zaidi. Mtu mzima anaweza kuyanywa asione lolote. Mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa, damu yake inashindwa kubeba hewa, ndiyo maana anageuka rangi. Kisima cha shuleni kilikuwa kimojawapo. Ulifanya yote niliyokuambia kwenye kile kipaza sauti, na kila ulipozidisha bidii, maji yakazidi kumdhuru.

Ningependa barua hii iishie hapa, kwa sababu mpaka hapa ningeweza kusema sikujua.

Nilijua, Dada. Alhamisi ile, saa kumi na dakika ishirini, simu ya ofisi ililia nikaipokea mimi. Alikuwa mpima maji wa maabara. Aliniambia kuhusu mbolea, akanitajia visima vyote vitano, akasema kuchemsha hakusaidii bali kunaongeza hatari. Akasisitiza kwamba wenye watoto wa chupa waambiwe siku hiyohiyo, na muuguzi wa zahanati pia, ili akiona mtoto wa bluu ajue anatibu nini. Niliandika kila neno kwenye daftari la simu. Halafu nikamuuliza karatasi yenye muhuri itatoka lini. Akasema Jumatatu. Nikamwambia basi tutasubiri karatasi.

Mkuu alikuwa nje kwenye kambi za waliohama, na simu yake ilikuwa hewani. Sikumpigia. Nilijiambia kwamba watu husikia nusu ya tangazo, kwamba nikitamka neno "msichemshe" mji mzima utaacha kuchemsha, na kipindupindu kitatumaliza. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Lakini ilikuwa inawezekana kusema hivi: maji ya visima hivi vitano msinywe, hata mkichemsha. Ni maneno manane. Tangu siku ile nimeyaandika kwenye kila karatasi inayopita mikononi mwangu. Ukweli wa chini kabisa ni kwamba niliupenda ule wimbo wangu. Sikutaka niwe mimi wa kuutia doa.

Na kuna moja zaidi. Alipotaja kisima cha shuleni, nilikufikiria wewe. Nilijua mmehamia upande ule. Nikajiambia moyoni, Dada ananyonyesha. Nikafunga daftari. Sikuinua simu kukuuliza. Alhamisi Babu alikuwa bado anacheka, Mama ameniambia.

Jumatatu karatasi ilipofika, nilimpelekea Mkuu kana kwamba ndiyo habari ya kwanza. Aliogopa ghasia, akaniambia nitafute maneno laini. Nikaandika tangazo kwamba visima vitano vimefungwa kwa ukaguzi wa kawaida, nikalisoma kwa sauti ileile chini ya koti lilelile. Ndiyo sababu mpaka leo hakuna aliyekuambia lolote. Kuna watoto wengine watatu waliokufa vivyo hivyo. Mama zao nao huenda wanahesabu dakika za jiko kama unavyozihesabu wewe.

Wiki saba nimebeba jambo hili nikijidai nasubiri upate nafuu. Jana nimechukua lile daftari nikampelekea mganga mkuu, nikamsimulia mbele ya Mkuu wangu. Mkuu hakunitazama tena. Mganga mkuu aliandika muda mrefu, kisha akasema wazazi wa watoto wote wanne wataitwa na kuelezwa, na kwamba mimi nisiondoke mjini. Kazi imekwisha, na yanayofuata nimeyataka mwenyewe. Sikuelezi haya ili unionee huruma. Nilitaka tu uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwenye kikao, mbele ya watu.

Sikuombi msamaha, ningekuwa nakutwisha mzigo mwingine. Nakuomba jambo moja. Mwite mama mkwe wako, na wale wote waliokuwa mkekani, shemeji awasomee barua hii kwa sauti kubwa, kuanzia pale niliposema hukuyatoa mapema. Ukitaka kuniuliza lolote, nitajibu. Usipotaka, nitaelewa. Hapo kwenu sitakanyaga mpaka uniite.

Nisalimie shemeji, mwambie asikuache peke yako. Mbusu mpwa wangu kwenye shavu, na mama mkwe wako umpe salamu zangu za heshima baada ya kusomewa, si kabla.

Maji ya bomba mliyofunguliwa mwezi uliopita ni salama. Lakini usilichukue hilo kwangu. Nimemwomba mpima maji akuandikie mwenyewe, kwa mkono wake, pamoja na namba yake ya simu. Karatasi yake nimeikunja ndani ya bahasha hii. Mpigie umuulize.

Ni mimi,
mdogo wako uliyembeba mgongoni.