Fimbo Uliyosema Ivunjwe

Baba,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hiyo nitakwambia ya kwetu. Neema ana meno manne sasa. Ananiuma akinyonya, halafu anacheka. Lifti haijatengenezwa tangu uondoke, tunapanda ngazi mpaka ghorofa ya nane. Na mimi nimenunua fimbo ya kuvulia.

Rudia hapo, Baba. Mimi. Fimbo.

Ile yako ilivunjwa kama ulivyoagiza. Nilikuwa nimesimama pale hospitali, mtoto mgongoni, nimekushikia kikombe cha maji na mrija. Ukamwita Baba mdogo asogee, ukamwambia, "Nikifa, ile fimbo ivunjeni. Isishikwe na mkono wenye maziwa." Halafu ukageuka ukanywa maji kutoka mkononi mwangu.

Desturi naijua. Kwetu Uvira mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha haruki nyavu wala hagusi ndoano, ati samaki wanasikia harufu yake na kukimbia. Nimezaliwa humo, sikuikana. Tumbo lilipoanza kuonekana ulininyang'anya ndoo ya chambo tukiwa tumeshakaribia bwawa, maji tunayaona, ukaniambia nirudi nyumbani. Nikarudi. Lakini miaka tisa kabla ya hapo, nani alikuwa anaibeba hiyo ndoo? Nani alikuwa anakanda bugali na unga wa kastadi mpaka donge likae kwenye ndoano bila kumeguka? Nilijiambia maziwa yatakauka siku moja, nitarudi kukaa karibu yako chini ya lile koti lako la ulinzi, tukila mkate na kimya. Siku hiyo hukunipa.

Makaburini Baba mdogo aliiweka kwenye goti lake. Ikakataa. Akaiweka tena, ikapinda mpaka ncha ikagusa udongo, ikakataa. Watu wa kanisa walikuwa wanaimba, mama mmoja akaacha kuimba akaangalia tu. Mara ya tatu akailaza juu ya jiwe akaikanyaga. Ililia kama mfupa wa kuku. Vipande vikatupwa juu ya sanduku lako, na vijiti vyake vyembamba kama sindano vikamchoma Baba mdogo kiganjani, nikafurahi. Nisamehe, au usinisamehe. Rili, ile roda ya kuzungushia uzi, nilikuwa nimeshaifungua asubuhi na kuificha kwenye mfuko wa nepi. Ulisema fimbo. Hukusema rili.

Sasa sikiliza kwa nini nimenunua nyingine. Mama Zawadi, yule anayekausha kambale kwa moshi na kuwauzia Wakongomani wenzetu, alinivumilia wiki tano. Alisema nafasi yako ya kumletea samaki haitapewa mtu mpaka msiba upoe. Wiki ya sita akaniambia bila kuzunguka, "Mama Neema, wateja wangu hawali machozi. Jumamosi ukileta kambale, kazi ni yako. Usipoleta nampa yule Mrundi wa ghorofa ya tatu." Baba yake Neema tangu aende Durban hapigi simu. Kusuka nywele kunanilisha leo, kesho Mungu anajua. Kwa hiyo Jumamosi ile ndiyo ilikuwa chakula chetu.

Nilienda Kensington, kwenye lile duka la vitu vilivyotumika, pale tulipokuwa tunasimama dirishani wewe ukizitukana fimbo moja moja. Hii ya kupigia picha. Hii ya kufukuzia paka. Nilikuwa nacheka mpaka mwenye duka anatutazama. Safari hii niliingia ndani, na sikuwa na mtu wa kucheka naye.

Mwenye duka ni mzee wa Kizungu, miwani yake imefungwa na gundi. Nilimwambia nataka fimbo moja ya kuvulia bwawani. Akaniletea kafimbo kafupi ka rangi ya waridi, kamechorwa samaki anayecheka. Nikamwambia si ya mtoto. Akaniletea nyingine, akasema mume wangu ataipenda. Nikamwambia ni yangu. Akacheka, hakucheka kwa ubaya, na hilo liliniuma zaidi.

Mwenye pesa ana fimbo ya kila samaki. Mimi nilitaka moja: imtoe perege mdogo pale ukingoni kwa chelezo, imvumilie karpe mnene anayelala chini, na siku kambale akija, isiniaibishe. Ulikuwa unasema fimbo inayojua kila kitu haijui kitu. Ni maneno ya mtu ambaye fimbo yake ilikuwa nzuri, Baba.

Zile za kuchomoa kama antena ya redio nilizipita. Zinaingia vizuri kwenye teksi, lakini kila kiungo ni mahali pa kuvunjikia. Kulikuwa na moja ya kaboni tupu, nyepesi kama unyoya, rangi kama yako. Niliishika, vidole vikakukumbuka vyenyewe. Nilikaribia kuilipia. Nilikuwa nimeshafungua pochi. Halafu nikaisikia tena ile sauti juu ya jiwe, nikajua hiyo ni fimbo ya mtu mwenye ya akiba nyumbani. Kaboni ikigongwa mlangoni haikwambii kitu. Inasubiri siku ya samaki mkubwa, ndipo inakusaliti. Za faiba tupu nazo hazivunjiki, ila nzito, zimelegea kama mkia wa ng'ombe, na samaki mdogo akigusa chambo husikii. Nikauliza kama ana iliyochanganywa, faiba na kaboni. Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

Alileta mbili, zote za futi kumi na vipande viwili. Futi kumi zinatosha kuinua uzi juu ya matete na bado nikaishika kwa mkono mmoja mtoto akiwa mgongoni. Ya kwanza nilipoiunganisha ilikuwa inacheza kwenye kiungo, nikairudisha. Ya pili ilishika. Nikaitazama kutoka mpinini mpaka nchani kwa jicho moja, kama ulivyokuwa unafanya, imenyooka. Nikaisukuma ncha polepole kwenye dari: juu ililainika, katikati ikakaza, chini ikakataa kupinda. Ndivyo nilivyotaka. Kando ya mpini wameandika uzito inaoweza kurusha, kuanzia gramu ishirini mpaka sitini, na sikuhitaji mtu wa kunisomea. Wewe ndiye uliyekuwa unahitaji, na mimi ndiye niliyekuwa nakusomea.

Halafu nikatoa pamba ya Neema kwenye mfuko, nikaipitisha ndani ya kila pete. Pete yenye ufa inashika pamba, na kesho itakata uzi. Ya nne ikashika. Nikamwonyesha yule mzee uzi mweupe wa pamba umening'inia, akasema eish, akavua miwani, akaangalia, akapunguza bei bila kuombwa, akanipa na pete nyingine ya kubadilisha. Mwisho nikaifunga rili yako. Ikakaa. Nikailaza kwenye kidole, haikuangukia mbele wala nyuma.

Nililia dukani, Baba. Si kwa ajili yako. Kwa sababu nilijua kila kitu. Kila kitu ulikuwa umenifundisha, na bado ukasema ivunjwe.

Jumamosi asubuhi Baba mdogo alikuwa ameshakaa pale pako, kwenye jiwe lako. Mzee Jabu, yule Mzulu rafiki yako, alikuwa kando na wavu wake, akanitikisia kichwa. Baba mdogo aliitazama fimbo, akatazama kifua changu, akaniambia nikakae chini kule upepo unakoelekea, harufu yangu isiwafikie samaki wake. Akasema leo bwawa zima litanywa chai ya maziwa. Watu walicheka. Mzee Jabu hakuelewa, akacheka kidogo kwa heshima.

Nikaenda kwenye matete, pale pabaya, ambapo ulikuwa unasema panafaa kufulia nguo. Nikaanza na chelezo na donge dogo. Perege wawili, kama kiganja. Ncha ilikuwa inanong'ona, nikawasikia kabla chelezo hakijazama. Mama Zawadi hanunui perege. Jua likapanda. Nikatoa chelezo, nikafunga chubwi na ndoano kubwa, nikaweka ini la kuku lililolala juani Ijumaa nzima, nikarusha mbele ya matete. Fimbo ileile. Nikanyonyesha. Nikasubiri. Upande wa pili Baba mdogo hakupata hata gamba, na kila baada ya muda alikuwa anageuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia maji.

Neema alipoanza kulia njaa tena nikamwambia ngoja, mama, na ndipo uzi ukaondoka.

Hukuwahi kunipa kambale nimvute mwenyewe. Ulikuwa unanipa fimbo samaki akishachoka. Huyu hakuwa amechoka. Fimbo ilipinda mpaka karibu na mkono, nikaisikia ikilia ndani, nikasema basi, ndiyo inavunjika, Baba amefika. Haikuvunjika. Nikainua ncha, nikampeleka mbali na matete, nikampa uzi, nikauchukua, nikampa tena. Mtoto analia mgongoni, na unajua mwili wa mama, mtoto akilia hausubiri ruhusa. Maziwa yalinitoka yakalowesha gauni mpaka kiunoni, mbele ya wanaume wote wale. Na samaki alikuwa anakuja, Baba. Alikuwa anakuja.

Mzee Jabu ndiye aliyeingiza wavu. Akasema neno moja, sharp, yaani safi, akarudi kwenye kiti chake. Kambale mrefu kama mguu wangu.

Baba mdogo alikuja mbio. Akasimama juu yake, akavua kofia, akawaambia wote kwa sauti ya mazishini, "Huyu ni kaka yangu amemletea binti yake." Na wote wakaitikia, eeh, marehemu amemkumbuka mtoto wake. Walikuwa na huruma kweli. Mmoja alifuta machozi. Dakika ile ungekuwa baba mzuri milele, na mimi ningepaswa kunyamaza tu.

Nilisema, "Baba hakuniletea kitu. Ulikuwepo hospitali, ulisikia."

Baba mdogo akavaa kofia. Baadaye, nikiwa namfunga kambale kwenye gunia, akanikumbusha kwa upole, macho chini, kwamba samaki wa kwanza wa fimbo mpya kichwa chake ni cha aliyemfundisha mvuvi. Alitaka nimpe akuletee makaburini. Nikamwambia nitaona.

Mama Zawadi alimpima kambale kwa macho, akabonyeza tumbo, akasema Jumamosi ijayo anataka wawili. Yule Mrundi amepewa kazi ya kuni. Kichwa nilikikata mwenyewe. Nilikipika kwa nyanya na pilipili, nikakaa chini na bugali, nikakila mpaka mashavu, mpaka macho, nikanyonya mifupa. Sikukubakizia. Kilikuwa kitamu. Nilikula huku nakulilia, na sikuacha kula.

Sikuchukii. Ningekuchukia nisingekusumbua na karatasi hii. Nasikia huko hakuna desturi ya kuogopa maziwa ya mtu, labda umeshaelewa. Labda hujaelewa. Lala hivyohivyo.

Nakuahidi jambo moja. Neema akiweza kusimama bila kushika ukuta, nitamweka mbele yangu pale ukingoni, mikono yake kwenye mpini na yangu juu ya yake. Akiniuliza nani alinifundisha, nitamwambia ukweli, ni wewe. Akiniuliza fimbo yako iko wapi, nitamwambia ukweli huo pia.

Binti yako,
Riziki