Kiti cha Pili Chuoni

Baba watoto,

Maharage yako jikoni. Yapashe moto, usiyale baridi kama vile huna mke.

Nimekwenda kule chuo kikuu, wanafunzi wanapojifunzia ushauri nasaha kwa kutusikiliza sisi wenye shida zetu. Ndiyo, ni bure. Na asubuhi ulivyonicheka! "Hata mimi nakusikiliza bure," huku macho yote yako kwenye simu.

Wiki iliyopita binti mwanafunzi anayenisikiliza alitaka kujua mara ya mwisho uliniuliza nini. Nikamwambia: "Funguo ziko wapi?" Alicheka mpaka mwalimu wake, anayemsimamia nyuma ya kioo, akagonga. Halafu mimi nikalia.

~~Usinifuate.~~ Njoo saa kumi, wameniwekea kiti cha pili. Simu iache.

Funguo ziko msumarini. Uje na swali jingine.

Mama watoto