Lundo la Vitabu vya Dini

Kinondoni,
7 Machi 1955

Shangazi Hamisa, shikamoo.

Natumaini mguu umepoa na mvua haijaingia ndani. Mie mzima, ila kazi inaniumiza kichwa.

Maktaba ya chuo chetu imeletewa makasha tisa ya vitabu vya msaada kutoka Uingereza, na mie karani ndiye ninayeamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Ungeviona ungecheka. Ufugaji wa farasi, nakala kumi na nne! Kutunza maua wakati wa theluji! Wametuletea takataka za darini kwao, halafu wanangoja barua ya shukrani.

Basi katikati ya uchafu huo kuna lile sanduku lako la vitabu vya Babu. Usikasirike, Shangazi. Bwana Mkuu wa chuo ameamuru maktaba isiweke vitabu vya dini, na vya Babu vyote ni vya herufi za Kiarabu. Msahafu nimeutoa, sina wazimu. Vilivyobaki nimevitia kwenye lundo la dini bila kupoteza muda. Vinanuka, na mende wamekula majalada. Hapa ni mahali pa watu waliosoma. Jamali mfagiaji, zee lisilojua hata kuandika jina lake, eti akaniambia nivifungue kwanza. Nikamwambia ashike ufagio wake.

Lundo litachomwa Jumamosi ya wiki ijayo.

Mwanao,
Salumu

Mbagala,
12 Machi 1955

Mwanangu Salumu,

Salamu nyingi. Mguu umevimba, mvua imeingia ndani, na barua yako imemalizia. Anayeniandikia ni Genoveva, mke wa mwalimu jirani, maana mwandiko wangu huwezi kuusoma. Ulikuwa ukimtoroka maalimu kwenda kucheza mpira, na leo wewe ndiye unayejua kilichomo katika vitabu vya baba yangu!

Umefungua hata kimoja? Kwa herufi hizo za Kiarabu Baba aliandika Kiswahili, Salumu, hikihiki unachonitukania. Kuna kitabu cha dawa, kuna cha nyimbo za harusi. Na kile chekundu kina minazi yetu yote, mmoja mmoja: nani aliupanda, mwaka gani, mpaka unaishia wapi, na nani alishuhudia. Nilikuletea kwa sababu mchwa waliingia kwangu, na wewe ulijisifu kwamba mna makabati ya vioo.

Sasa wapimaji wa serikali wameingia shambani na minyororo yao, na jirani yetu Hija anadai shamba ni lake. Tarehe nne Aprili Bwana Shauri wa wilaya atatusikiliza. Mashahidi wangu wote wako kaburini. Kitabu kile kikipotea, shamba limekwenda.

Usikae kunijibu. Nenda kakitoe.

Shangazi yako,
Hamisa

Kinondoni,
22 Machi 1955

Shangazi, shikamoo.

Sijui hata nikuulize hali kwa uso gani. Barua yako ilikaa mfukoni mwangu siku tano, nikidhani ni ya kunigombeza tu. Nimeifungua jana. Lundo lilichomwa Jumamosi, na saini ni yangu. Nimekwenda kwenye shimo la taka nikapekua kwa kijiti, ni majivu matupu. Nikamwuliza Jamali kama alikiona kitabu chekundu. Akanitazama, kisha akaendelea kufagia. Siku hizi hata wafagiaji wana kiburi.

Lakini nawe, Shangazi, ulikuwa wapi kuniambia mapema? Na kwa nini mambo ya maana yaandikwe kwa herufi ambazo ofisi haizijui?

Nimeomba ruhusa nije siku ya shauri. Bwana Mkuu amekataa, orodha ya vitabu vya farasi haijaisha. Nisamehe. Naona aibu hata kula.

Mwanao,
Salumu

Mbagala,
6 Aprili 1955

Salumu,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi zetu, nikampa Mzee Jamali aje akusomee. Kabla hajaendelea, mwamkie. Shikamoo ileile unayoniandikia mie, mpe na yeye. Mzee Jamali, akinyamaza nawe nyamaza.

Haya. Jumamosi ile aliambiwa atie lundo lako motoni. Mtu aliyelelewa hachomi karatasi za herufi hizi kabla hajazisoma, huenda jina la Mungu limo. Akakaa juu ya ndoo, akasoma, akaliona jina la baba yangu na la Mbagala. Majivu uliyoyapekua ni ya makasha matupu ya Wazungu. Vitabu vya Baba alivifunga kwenye shuka lake, akaja navyo kwa miguu kutoka huko mpaka huku, na umri ule. Nilimkataza kukuambia. Sikutaka nikose usingizi peke yangu.

Juzi alisimama mbele ya Bwana Shauri akasoma mnazi mmoja mmoja, mkalimani akimfuata. Hija alibisha mpaka likasomwa jina la shahidi wa mpaka: baba yake mwenyewe. Akakaa chini. Shamba ni letu.

Ukurasa mmoja Mzee Jamali aliuruka kwa kukuonea haya. Nimeunakili hapa akusomee: “Leo amezaliwa mjukuu wangu Salumu. Nimempandia mnazi karibu na kisima. Kitabu hiki nitamwachia yeye.”

Kimerudi sandukuni kwangu, pamoja na mchwa. Ninyi bakini na farasi wenu.

Mzee Jamali, Mungu akulipe, umemaliza. Sasa mpe karatasi aishike mwenyewe. Aigeuze huku na huku, kisha atuambie kama nayo ni ya lundo la dini.

Shangazi yako,
Hamisa