Maski wa Baba na Uji Wangu

Baba Britta,

Minofu ya samaki wa wolai iko kwenye friji, ikaangeni kwa siagi. Ya yule samaki mwingine, paiki, msiiguse mpaka nirudi. Ina miba yenye panda, na bibi asije akakwamwa tena. Britta amwagilie nyanya.

Leo asubuhi maski, yule samaki mkubwa wa ziwani, alikifuata chambo changu hadi ubavuni mwa boti, mrefu kama Britta. Nikaanza kukizungusha majini kama baba alivyonifundisha, maana maski huuma pale chambo kinapogeuka. Nawe, mtoto wa mashamba ya ngano, ukaangua kicheko: "Mama Britta, unavua au unakoroga uji?" Nikaona haya, nikainua fimbo ya kuvulia. Maski akazama zake. Samaki ambaye marehemu baba alimtafuta maisha yake yote!

Nimerudi palepale, kwenye magugu ya majini upande wa majirani zetu, kina Lindqvist. ~~Usinifuate.~~ Hilo nimelikata. Saa kumi simama gatini na ule wavu mkubwa, nitakupitia. Tukimnasa, tutampima tu, kisha tumrudishe majini.

Kukoroga nitakoroga mwenyewe, lakini uji huu unataka mtu wa kupakua.

Mama Britta