Niite Kabla Hajatia Sahihi

Nyumba ya Fundi Seremala,
Nyuma ya Shule ya Sekondari.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako. Hujambo? Magoti yanasemaje? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanataka kuhama? Mimi ni mzima kama mpingo. Wenzangu wa rika langu wanatembezwa, mimi natembea. Macho tu yana ukungu kidogo, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Usicheke, kalamu nilikufundisha kushika mimi.

Paa la karakana halivuji tena. Nimeliziba mwenyewe, ingawa mwanangu alipiga kelele chini ya ngazi kama king'ora.

Sasa habari za huyo mwanangu, mwalimu. Unajua ndiye peke yake anayefundisha fizikia shule nzima, na akili hizo hakuziokota njiani. Mwaka huu wanapimwa walimu. Si wanafunzi, walimu! Kila wanalofanya liwe na ushahidi, mpaka wanapigana picha ubaoni kama maharusi. Zamani jioni wanafunzi walimfuata hapa barazani na maswali yao. Siku hizi anawaambia njooni kesho, maana anapanga mafaili. Mwenzake mmoja, wanamwita Bwana Faili, amepata alama za juu kabisa, na wanafunzi wake ukiwauliza somo wanatazamana.

Mwanangu kapewa wastani. Wastani! Damu yangu! Nikavaa koti nikaenda kwa mkuu wa shule, nikakalia kiti nilichokitengeneza mimi, nikamtaka aeleze. Kwanza alifunga mlango.

"Mzee, nikimpa alama anazostahili watampandisha cheo, akaongoze shule mbali huko. Fizikia nitabaki na nani? Wewe?"

"Ningefundisha," nikamjibu.

Akacheka, halafu akaacha. Akasema naye anapimwa, kwa matokeo ya mitihani, na bila mwanangu atakayeanguka ni yeye. Nikamwona amebanwa kama ubao kwenye jiliwa. Nilikuja kumgombeza, nikakosa pa kumshika.

Basi ndiyo hivyo. Mwanangu akifundisha vibaya atashushwa, akifundisha vizuri anazuiliwa. Ijumaa ya wiki ijayo wanakaa mezani, atie sahihi kuzikubali alama hizo au akatae apeleke rufaa. Rufaa atashinda, hata mkuu anajua. Lakini anasema atatia sahihi.

Nikamwuliza ana wazimu gani.

"Baba, nikienda nani atakutia dawa ya macho?"

"Nitajitia!"

"Juzi ulijitia shavuni. Na jana ulilikaribisha koti chai."

Koti lilikuwepo mlangoni, sikatai, ila nilikuwa natania. Hakucheka.

Kila nikimwambia nenda, mimi sihitaji mtu, ananijibu sawa Baba, anarudi kwenye madaftari yake. Kumfuata huko siwezi. Nilishaapa mbele ya mtaa mzima kwamba sitahamia kwa mtoto nikalishwe kama kifaranga. Unanijua. Kwa hiyo mkuu amemzibia mlango wa mbele, na wa nyuma, mdogo wangu, nimeukalia mimi.

Sasa sikiliza. Mimi kuja kwako si kuhamia kwa mtoto. Barua hii naipeleka kesho kwa dereva wa basi, maana simu nyumba hii yote inasikia. Ukiipata tu, mpigie mwanangu. Mwambie milango yako imepinda, mafundi wa huko ni waharibifu, unamtaka kaka yako aje akae hata mwaka. Lia kidogo, kulia unakuweza. Usiseme nimekuomba. Mara ya kwanza nitakataa, kazana. Nikikataa tena, kazana zaidi.

Na ujifunze kudondosha dawa. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Nitatulia.

Nisalimie shemeji, binamu yetu Kifimbo na wajukuu wote, hata yule mtundu aliyenivunjia futi ya kupimia mbao. Mungu awalinde mlale wazima na muamke wazima.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye ingawa sisemi,
Fundi wa madawati yote.

Randa na msumeno nimeshavifunga kwenye gunia. Mwanangu alipouliza, nilimwambia nazuia kutu.