Kaka Qais, Nabhan Alijiamini

Limbani,
Wete, Pemba.
14 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Qais,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima wewe, Wifi Intisar na watoto, na lile goti lako liwe limekuachia upande ngazi za dukani bila ya kushika ukuta. Hari ya Muscat imeanza kupungua? Sisi huku hatujambo kwa kudra zake Mola, isipokuwa huyu mmoja ambaye habari zake unazijua kidogo, na leo nataka uzijue zote.

Utashangaa kuletewa barua ya mkono na hali simu tunazo. Nimempa Bi Rahila, anakuja huko kumwangalia mwanawe aliyejifungua. Nimeandika kwa sababu nyumba yetu unaijua, kuta zake hazizuii neno, na mdogo wetu Nabhan anasikia kila kitu. Kiharusi kimemchukulia maneno, masikio kimemwachia. Tena kwenye simu wewe ni mkubwa wangu. Ukishasema "nisikilize", mie hunyamaza. Kwenye karatasi utanivumilia hadi mwisho.

Kaburi la mama tumelisafisha wiki iliyopita, na ule mti uliokuwa ukilalia ukuta tumeukata. Karafuu mwaka huu zimezaa vipande vipande. Za bondeni tumechuma, za juu hazina kitu. Nabhan huchambua vikonyo pamoja nasi, kwa mkono wa kushoto. Anakwenda polepole lakini haachi hata kimoja.

Sasa nikueleze hali yake. Tangu siku ile ya nne baada ya Idi Kubwa alipoanguka, mguu umerudi vizuri, hatumii tena fimbo. Mkono wa kulia bado mzito. Ama ulimi, amebakiwa na neno moja tu, nalo ni "kesho". Ukimuuliza ana njaa, kesho. Ukimuuliza anaumwa wapi, kesho. Usoni unamuona anajua kabisa kwamba silo alilolitaka. Ni kama mtu aliyetia mkono mfukoni mwake akatoa funguo za nyumba ya mwenziwe.

Lakini akisimama kuswali, kaka, Alhamdu anaisoma yote hadi amin, kwa ile sauti yake unayoijua. Daktari ametwambia ugonjwa huu ndivyo ulivyo, yaliyohifadhiwa kwa moyo tangu utotoni hukaa pahala pengine kichwani, na maradhi hayakufika huko. Sisi tumeelewa. Watu wengine hawataki kuelewa. Wapo waliomsikia msikitini wakatoka wanasema Nabhan anajitia, hataki kazi tu. Nilikuwa nikiwaeleza mmoja mmoja. Sasa nimechoka.

Shamima, mkewe, siku hizi hutandika msala wake nyuma ya mumewe kila Magharibi. Aliniambia, "Wifi, hii ndiyo saa yangu ya kumsikia."

Nifike pale palipo pazito. Unakumbuka kazi yake kwa Yasser, mwenye ukumbi wa video karibu na soko. Watu wana simu zao siku hizi, kila mtu ana filamu zake mfukoni, lakini Alhamisi na Ijumaa walikuwa wakiujaza ukumbi ule kwa ajili ya Nabhan. Anapunguza sauti ya Kizungu, anashika maiki, na wote waliomo ndani ya picha wanageuka Wapemba.

Filamu waliyoipenda kuliko zote ni ile ya fundi wa angani. Uliiona mara moja ulipokuja likizo, pengine umeisahau. Yule mtu kazi yake ni kuziba mabomba ndani ya chombo kinachokwenda nyota ya mbali. Watu mia mbili wamelala ndani ya masanduku ya vioo, wakingoja kufikishwa. Marubani wanakufa kwa maradhi, anabaki yeye peke yake macho. Sauti kutoka duniani inamwambia ashike usukani. Anakataa. Anajificha nyuma ya mabomba yake, anasema wamtafute mwengine, na mwengine hayupo. Kwa Kizungu alikuwa na jina jengine, lakini Nabhan alimwita Jaribu na akamfanya mtu wa Kiuyu. "Mie ntu wa Kiuyu," akisema, "nimezoea mabomba. Chombo kikubwa hivi nikishike vipi mie?" Watu wakicheka hadi wanashika mbavu.

Ila mwishoni walikuwa hawacheki. Chombo kinaanza kuungua, yule fundi anakaa kwenye kiti cha rubani. Pale Mzungu husema maneno mengi sana. Nabhan aliyakata yote akabakisha haya, "Aliyebaki ni mie. Basi ni mie." Ukumbi mzima ulikuwa ukiyasema pamoja naye, hata Mzee Mabruki ambaye haoni vizuri na huenda kusikiliza tu.

Tarehe mosi ya mwezi huu ulimtumia ujumbe wa sauti. Nakuandikia ulivyosema, kwa sababu nimeuhifadhi kichwani. Ulisema, "Nabhan, mdogo wangu, daktari hawezi kukupa ulimi. Yule fundi wako alijiamini na chombo kikatua salama. Jiamini, utasema."

Aliusikiliza mara nne. Ya nne alisimama, akafungua sanduku, akatoa shati lake jeupe la mikono mirefu, lile la ukumbini, akampa Shamima na kumwonesha pasi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Aliyekwenda kwa Yasser ni mimi. Yasser alinisikiliza, akainama, akaniuliza, "Bi Zuweina, na maneno yasipokuja?"

Nikamwambia, "Yatakuja. Mtu akijiamini yatakuja."

Kwa hiyo sikutupii wewe peke yako, kaka. Wewe ulisema ukiwa mbali, mimi nilisema nikiwa hapa hapa, na nilikuwa nimeshamsikia kwa miezi miwili na nusu akiitwa na mkewe na kujibu kesho.

Siku nne zile alikuwa mtu mwengine. Alinyolewa ndevu. Alikula bila ya kubembelezwa. Asubuhi Shamima alimkuta nyuma ya jiko amesimama wima, upawa ameushika kwa mkono wa kushoto mbele ya mdomo, midomo inakwenda, macho ameyafumba. Alirudi akaniita tukachungulia sote wawili, na tukacheka kwa furaha, Mungu atusamehe.

Alhamisi baada ya Alasiri tukaenda. Alitembea mbele yetu. Ukumbi ulijaa hadi waliosimama. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Nabhan amepona. Mzee Mabruki alimpapasa uso, akambusu kichwani. Mie na Shamima tulikaa nyuma karibu na mlango, pamoja na wanawake wengine wachache. Nabhan akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, pembeni mwa skrini, Yasser akamtilia maiki mkononi.

Filamu ikaanza na yeye akanyamaza. Watu wakadhani anawangojesha makusudi. Marubani wakaugua, wakafa, na yeye kimya. Tulichokuwa tukikisikia kwenye spika ni pumzi yake, inaingia na kutoka, inaingia na kutoka. Mwanamme mmoja alinong'ona kwa mwenziwe, "Amwache Mzungu aseme basi." Mwengine akamwambia, "Mpe nafasi." Shamima alikuwa ameushika mkono wangu, na nilihisi kucha zake.

Ikafika pale pa kiti. Chombo kinaungua, fundi anakaa. Nabhan alisimama. Niliona mishipa ya shingo imemtoka. Alivuta pumzi, ukumbi wote ukavuta pamoja naye, na akasema:

"Kesho."

Watu wakacheka.

Nataka uelewe, kaka, hawakumdhihaki. Huo ni mzaha ambao Nabhan mzima angeweza kuutia. Dunia nzima inamngojea, moto unawaka, na mtu wa Kiuyu anasema kesho. Waliona ndiyo amerudi, tena amerudi na kichekesho kipya. Walipiga makofi, wakapiga miguu chini, mmoja akaita jina lake. Nilitaka kusimama niwaambie. Niwaambie nini? Kwamba msicheke, huyu hakukusudia? Mbele yake?

Alingoja kicheko kipungue. Kisha akaizima maiki, akaiweka juu ya kiti taratibu, akatokea mlango wa pembeni. Wengine hata hawakumuona akitoka, walikuwa wanaangalia chombo kikiteremka.

Nilimkuta kwenye ngazi za duka la jirani. Hakuwa analia. Nilikaa karibu naye, na miaka yote hii niliyoishi sikuwa na neno zaidi ya lile lile. Nikamwambia, "Nduu yangu, usivunjike moyo. Jiamini tu."

Alinitazama kama ninayesema lugha ngeni. Akanikamata kiganja kwa mkono wake wa kushoto, kwa nguvu, akakibandika kifuani kwake. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Kisha akakitoa pale akakigusisha midomo yake, akatikisa kichwa. Akakirudisha kifuani, akaitikia kwa kichwa. Akakipeleka tena mdomoni, akatikisa. Alifanya hivyo mara tatu, polepole, kama mimi ninavyowafanyia wanafunzi wangu wa darasa la kwanza.

Nikaelewa, na nikaona haya ambayo sijapata kuona mbele ya mtu niliyemzidi miaka sita. Kujiamini alikuwa nako. Sijamuona mtu aliyejiamini kuliko yeye siku ile, kusimama mbele ya watu wote wale na neno moja mdomoni. Kilichokosekana ni kitu chengine, na hicho si yeye anayekizuia, wala si wewe na mimi tunaoweza kumpa.

Tangu siku ile hajaenda tena ukumbini. Yasser alikuja kuomba radhi, akakaa na sisi kitako kirefu bila ya kunywa hata chai tuliyomwekea. Nabhan alimpa mkono. Lakini simu yangu ikilia na sauti yako ikatoka, huinuka akaenda uani, na hukaa huko hadi umalize. Ndiyo sababu siku tisa hizi unamtafuta na mimi nakwambia amelala. Hakuwa amelala, kaka. Nisamehe uongo huo.

Ya dawa tunayafuata. Daktari anasema huenda maneno yakarudi, huenda yasirudi, na hajui ni mangapi. Mtaalamu wa kuwafundisha kusema wagonjwa wa namna hii hapa kisiwani hatukumpata. Jina la Nabhan limeandikwa Unguja, tunangoja tuitwe. Kila asubuhi Shamima humwekea mezani kikombe, kijiko na kitana, na humtajia kimoja kimoja. Mimi nimefundisha kusoma miaka kumi na tisa, watoto wa nusu ya Limbani wamejifunza ba be bi kinywani mwangu, na ndugu yangu wa tumbo moja nimeshindwa kumfundisha kusema kikombe. Jana nilijifunga chooni nikalia, nikafungulia mfereji wa maji asinisikie.

Sikuandikii ili ufanye jambo kubwa. Najua ungependa nikwambie tiketi, hospitali, mganga fulani, na wewe ulivyo ungeanza leo hii. Daktari amesema Nabhan asisafirishwe mbali kwa sasa. Ninalokuomba ni dogo, na nahofia kwako ndilo gumu.

Mpigie Ijumaa baada ya sala. Mimi nitamwambia mapema kwamba ni wewe, na kwamba humuulizi kitu. Naamini akijua hivyo hatainuka. Usimuulize anajionaje. Usimwambie ajiamini, wala habari za fundi usizitaje. Msimulie mambo yako ya dukani, mteja aliyekuudhi, watoto walivyogombana, mlichokula. Alikuwa akipenda sana hadithi zako kabla ya kuwa na zake. Na ukimaliza, akawa yeye kimya, usiharakishe kusema kwaheri. Kaa naye tu kwenye laini, wewe huko na yeye huku, hadi achoke mwenyewe kushika simu. Hata zikipita dakika kumi, kaka, usikate.

Shamima anakusalimu sana, na Yasser amenisisitiza nikufikishie salamu zake. Mzee Mabruki anakuuliza kila akiniona. Nisalimie Wifi Intisar na unibusie watoto wote. Mwambie Samah ile picha aliyoichora tumeibandika ukutani. Nabhan nilimwambia ninakuandikia, lakini sikumwambia ninaandika nini. Alikuja akaweka mkono wake juu ya karatasi kidogo, akaenda zake. Nadhani ndiyo salamu.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akuzidishie afya na subira, na atukutanishe sote watatu chini ya paa moja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuombea kila sala,

Zuweina